Je, Wajua? Wageni wa Kujitolea na Msitu Unaochipua Kisikini

Je, wajua kwamba mji wa Newala, uliokaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, hauna mto? Si kwamba mvua hainyeshi. Hunyesha milimita 1,000 hivi kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lakini ardhi ya uwanda ni mchanga unaomeza kila tone. Maji hushuka chini kwa chini, kisha hutokea miguuni mwa uwanda, kama kwenye chemchemi za Ndanda upande wa Masasi. Kwa vizazi vingi akina mama wa Newala waliteremka bondeni kuyafuata, wakaupanda tena ukingo wakiwa nayo kichwani. Ndiyo sababu mradi wa maji wa Makonde, unaovuta maji kutoka Mitema katika bonde la Kitangari, ulianza tangu miaka ya 1950. Mgeni anayekuja huku na shauku ya kupanda miti aanzie hapo. Kila mche kitaluni unataka maji, na ndoo ya maji huku ina mwenyewe.

Je, wajua kwamba juu ya mchanga huo usio na mto uliota msitu? Haukuwa msitu wa mvua kama wa Amani, Usambara Mashariki, ambako mvua inakaribia milimita 1,900 kwa mwaka. Huu ni msitu wa pwani: miti iliyofumana na vichaka na mimea itambaayo, mingine ikipukutisha majani kiangazi, mingine ikibaki kijani. Ukiuona kwa mbali waweza kuudharau. Usiudharau. Misitu na vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki, kutoka kusini mwa Somalia hadi kusini mwa Msumbiji, ina aina zipatazo 4,000 za mimea, na aina kama 1,750 kati ya hizo hazioti kwingine popote duniani.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti wa mila kutoka Leipzig, alipita Masasi na kukaa Newala. Alikuta uwanda umefunikwa na pori lililoshikana, ambalo nje ya vijia vya watu halipitiki bila shoka. Zaidi ya karne moja imepita tangu wakati huo. Leo ukisimama barabarani kati ya Newala na Tandahimba, kijani unachokiona ni mikorosho.

Je, wajua kwamba simulizi ya asili ya Wamakonde inaanza na mti uliochongwa? Wazee walisimulia kwamba kiumbe mmoja aliyeishi porini peke yake alichonga mwanamke kwa mti, akamsimamisha, na kulipopambazuka mti ule ukawa mtu. Wakakaa kando ya mto, mtoto akazaliwa mfu. Wakahama, wakapoteza mwingine. Walipopanda kwenye nyanda za Mahuta, mtoto akaishi. Tangu hapo ikawa agizo: usijenge bondeni, jenga juu. Mapadre na watafiti Wajerumani waliiandika simulizi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa anayejua homa za bonde la Ruvuma na mafuriko yake, agizo hilo lina akili nyingi ndani yake. Walichagua kukaa na msitu, maji wakayafuata mbali.

Je, wajua kwamba shamba la jadi la uwandani halikuua msitu? Mkulima alifyeka kichaka, akachoma, akapanda mtama, mihogo na kunde, lakini visiki hakuving'oa. Baada ya misimu michache aliliacha shamba na kufyeka kwingine. Mizizi ilikuwa hai chini ya mchanga, ikachipua, na baada ya miaka kichaka kikasimama tena bila mtu yeyote kupanda mche. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyekuja kuwa mshauri wa serikali ya Tanganyika katika mambo ya maji, aliandika juu ya kilimo hicho cha uwanda wa Makonde mwaka 1945 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kinachoua msitu ni kurudi mapema. Watu wakiongezeka na ardhi ikikosa kupumzika, kisiki hukatwa kabla hakijajijenga, hukatwa tena, na mwisho mizizi huishiwa nguvu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mwaustralia mmoja aitwaye Tony Rinaudo alikwenda Niger, ukingoni mwa Sahara, kwa kazi ya misheni. Kazi yake ilikuwa kupanda miti. Alipanda, na miche mingi ikafa. Siku moja mwaka 1983 alisimamisha gari ili apunguze upepo kwenye matairi apate kupita mchangani, akatazama kando na kuona kichaka kidogo. Alipokikaribia akayatambua majani: kilikuwa mti uliokatwa, ukijaribu kuchipua kutoka kisikini. Ndipo akaona kwamba nyika aliyodhani ni tupu ilikuwa na miti mamilioni chini ya miguu yake. Hakukuwa na haja ya mche wala kitalu. Kazi ilikuwa kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa mengine, na kukubaliana na majirani kwamba mbuzi, moto na panga vikae mbali. Wakulima wa Niger wameirudishia miti ardhi ya zaidi ya hekta milioni 5 kwa njia hiyo, na mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood.

Na je, wajua kwamba njia hiyo hiyo iko Tanzania? Dodoma wanaiita Kisiki Hai. Taasisi ya LEAD Foundation ya Mpwapwa, ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, imekuwa ikiwafundisha wakulima wa mikoa ya kati tangu mwaka 2018. Ninapoisoma habari hiyo huwawaza wazee wa Newala, ambao mashamba yao yalichipua hivyo hivyo kabla ya yeyote kuipa njia hiyo jina. Walichokifanya kwa desturi ndicho wataalamu wanachokifundisha leo kwa michoro ukutani.

Je, wajua kwamba mpingo huchipua kutoka kwenye mizizi? Ukiukata, machipukizi hutokea kandokando ya kisiki, tena kwa wingi. Anayetaka mipingo irudi Masasi asikimbilie kununua viriba kabla ya kuangalia ardhini.

Je, wajua kwamba kundi kubwa la wageni walioomba kuja kufanya kazi katika mapori ya Tanganyika waliomba kuja kuyang'oa? Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani wa Masasi. Inasimuliwa kwamba askari wa zamani wapatao 100,000 waliomba nafasi. Magazeti ya kwao yaliwaita jeshi la karanga. Vifaru vya kivita vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'olea miti. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikapigwa hadi Nachingwea kubeba mavuno ambayo hayakuja. Udongo ulishikana kama sakafu kiangazi kilipofika, mvua haikufuata ratiba ya London, na Januari 1951 mradi ulitupwa, zaidi ya paundi milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli ilifungwa mwaka 1962.

Sisemi kwamba watu wale walikuwa wabaya. Wengi walitoka vitani wakitaka kufanya jambo jema kwa mikono yao, kulisha watu. Lakini walikuja na jibu kabla ya swali. Mwenye kitalu cha miche 10,000 ya aina moja, anayetaka ipandwe yote wiki hii kwa sababu ndege ya wageni inaondoka Jumapili, anafanya kosa hilo hilo kwa nia nzuri zaidi.

Je, wajua kwamba Masasi imewajua wageni wa kujitolea tangu mwaka 1876? Mwaka huo Edward Steere, askofu na mtaalamu wa Kiswahili, aliongoza kundi la watu waliotolewa utumwani kutoka Unguja kupitia Lindi, wakaweka makazi Masasi chini ya milima ya mawe. Wamisionari wa UMCA, misheni yake ya Kianglikana, hawakulipwa mshahara, walipewa posho ya kujikimu tu. Baada ya uvamizi wa Wangoni mwaka 1882, sehemu ya misheni ilihamia Newala. Trevor Huddleston, mpinzani maarufu wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alikuwa askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Mwaka 1961 Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa Peace Corps kutoka Marekani, na kundi lile la kwanza lilikuwa la wapima barabara, wahandisi na wanajiolojia. Hawakutumwa kujifunza ufundi kwetu, walikuja nao. Hilo ni jambo la kuulizwa kila mgeni anayejitolea: unakuja na ufundi gani?

Sasa tuingie msituni.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya misitu ya pwani ya kusini ilipimwa na vijana waliojilipia safari? Kuanzia mwaka 1989, shirika la Uingereza liitwalo Frontier, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilileta makundi ya vijana wa kujitolea, wengi wao Waingereza, wakakaa kambini katika misitu ya pwani. Walifika Rondo, Litipo na Chitoa mkoani Lindi, kaskazini mwa uwanda wetu. Kazi yao kuu ilikuwa kuhesabu. Unavuta kamba msituni, unapima unene wa kila mti, unaandika visiki vilivyokatwa karibuni na vya zamani, unatega wadudu, unatega popo, unakausha majani kwa ajili ya hifadhi ya mimea. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kutuma nyumbani. Lakini mwaka 2000, Neil Burgess na G. Philip Clarke walipohariri kitabu kikubwa cha IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kuhusu misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, kazi ya makambi yale ilikuwa sehemu ya msingi wake. Clarke mwenyewe alikuwa mmoja wa waratibu wa utafiti ule.

Mtu anaweza kuuliza kuhesabu kunahusianaje na kurudisha msitu. Kunahusiana sana. Orodha ndiyo inayokwambia mti gani ulikuwa wa hapa na upi ni mgeni. Bila orodha, watu hupanda misaji na mikaratusi, wakapiga picha, wakasema msitu umerudi.

Kuhesabu kulizaa matunda hata baharini: tawi la bahari la Frontier lilipiga mbizi Mafia, na takwimu zake zilisaidia kuundwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995.

Je, wajua kwamba katika msitu wa Rondo yuko komba mwenye uzito wa gramu 60 hivi, wa kukaa kiganjani? Ni mdogo kuliko komba wengine wote, mkia wake umetanuka kama brashi ya kuoshea chupa. Alipewa jina lake la kisayansi miaka ya 1990, na kilichomtambulisha zaidi ni sauti, maana komba wadogo hufanana sana machoni lakini kila aina ina wito wake. Amewahi kuorodheshwa miongoni mwa wanyama 25 wa jamii ya nyani na komba walio hatarini zaidi duniani. Kumtafuta ni kazi ya usiku: kusimama gizani na kinasa sauti, kimya, hadi aite. Anayetaka kujitolea na hawezi kunyamaza kwa saa moja aombe kazi nyingine.

Je, wajua kwamba kuna mti uliotangazwa kutoweka duniani baada ya makazi yake kugeuzwa mashamba ya mikorosho? Ni Erythrina schliebenii, mti wenye maua mekundu. Mjerumani Hans-Joachim Schlieben aliukusanya karibu na ziwa Lutamba, Lindi, katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1998 IUCN iliuandika kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ukaonekana katika msitu wa Namatimbili, Kilwa. Ulikuwapo muda wote.

Mwenzake ni Karomia gigas, mti mrefu wa jamii ya rehani na msaji. Ulijulikana kwanza Kenya mwaka 1977, kwa mti mmoja ambao baadaye ulikatwa. Ulipatikana tena kusini mwa Tanzania, ukapotea machoni mwa wataalamu, na mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena, miti michache mno. Mwaka 2018 mbegu zilisafirishwa hadi bustani ya mimea ya Missouri, St. Louis, Marekani. Mbegu nyingi hazikuwa na uhai ndani, lakini chache ziliota. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ni mshirika katika kazi hiyo. Fikiria walinzi wanaokaa chini ya miti hiyo kungoja tunda likomae kabla halijaanguka au kuharibiwa na ukungu. Hiyo ndiyo kazi ya kurudisha msitu ikifikia ukingo wake wa mwisho: kungoja tunda.

Je, wajua kwamba mvule una dume na jike? Ukiotesha kutoka mti mmoja uliobaki peke yake, na hakuna dume karibu, utangoja mbegu bure. Na ukipanda mivule peke yake shambani, mdudu mdogo wa jamii ya Phytolyma hushambulia machipukizi yakavimba na kuoza, miche ikafa kwa mamia. Ndiyo maana shamba la mivule mitupu ni nadra sana. Unataka kuchanganywa na miti mingine, ukue kivulini na kujificha kati ya wenzake, kama unavyoota wenyewe msituni. Na anayeupanda zaidi ya binadamu yeyote ni popo: hula tunda, huruka mbali, huangusha mbegu. Anayefukuza popo kwa sababu ya imani anafukuza mpanda miti asiyelipwa.

Je, wajua kwamba vinyago vya mpingo si vya kale kama tunavyodhani? Barakoa za mapiko za Wamakonde zilichongwa kwa miti laini na miepesi, kwa ajili ya kuvaliwa ngomani. Mpingo, mgumu na mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, ulishika soko katika karne ya 20, wanunuzi wa kigeni walipoupenda weusi wake. Zumari za Ulaya, klarineti na oboe, hutengenezwa kwa mti huo huo. Mti huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Anayepanda leo anampandia mjukuu.

Na hapa upo mfano mmoja wa safari ya kujitolea iliyozaa kitu cha kudumu, ambao naupenda kuliko yote. Mwaka 1996 kikundi cha wanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuja Tanzania kuhesabu mipingo. Miaka iliyofuata walirudi, wakarudi tena, na kutokana na safari zile likazaliwa shirika lenye makao yake Kilwa, sasa likiitwa Mpingo Conservation and Development Initiative. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imefungua mlango: kijiji kinaweza kutenga hifadhi ya msitu wake na kuuza magogo yake kwa mpango, na mapato yakabaki kijijini. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwa miongoni mwao, vikapata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Gogo ambalo zamani lilikiachia kijiji karibu bure likaanza kujenga kisima na zahanati. Tazama mwendo wake: hawakuanza na koleo. Walianza kwa kuhesabu, wakaendelea kurudi, mwisho wenye msitu wakashika kalamu.

Moshi, upande wa pili wa nchi, mwaka huo huo wa 1996, Mtanzania Sebastian Chuwa na fundi mbao wa Texas, James Harris, walianzisha mradi wa kuotesha mipingo. Harris alikuwa ameuona mti huo kwenye filamu ya televisheni. Chuwa ndiye aliyejua namna ya kuuotesha, na watoto wa shule ndio waliojaza viriba.

Je, wajua adui mkubwa wa mche uwandani? Si mbuzi, huku si wengi. Ni moto. Kiangazi cha Agosti hadi Oktoba majani yanakuwa makavu, watu wanasafisha mashamba, na wapo wanaowasha pori kuwatoa panya. Panya wa porini ni kitoweo cha heshima Masasi, Nanyumbu na Newala, samaki nchanga kama tunavyowaita, na sitamvumilia mgeni anayekunja pua. Lakini moto uliowashwa kwa ajili ya panya wachache unaweza kula machipukizi ya miaka mitano kwa mchana mmoja. Mitego ipo, na wazee wanaifahamu. Kijiji kinachotenga hifadhi huanza kwa kulima njia ya moto kuizunguka, na kazi hiyo ya jembe, juani, mwezi wa Juni au Julai, ndiyo kazi ambayo mikono ya ziada inahitajika kuliko ya kupanda.

Je, wajua kwamba vichaka vya uwanda vinalisha watu moja kwa moja? Ming'oko, viazi vyembamba vya porini, huchimbwa vichakani, huchemshwa, na kuuzwa sokoni na pembeni mwa barabara. Mwaka wa njaa ndiyo hushika nyumba. Mwanamke anayejua kazi hung'oa kiazi na kulifukia tena shina la mmea wake ili uote upya. Mradi wowote wa kurudisha msitu uwandani ukiwafungia akina mama hao njia ya kwenda kwenye ming'oko, umeshindwa kabla haujaanza. Na ukiwashirikisha, umepata walinzi wanaopita huko kila wiki.

Vipi kuhusu mikorosho? Ni mti wa Brazili, uliletwa na Wareno, na leo ndio ada ya shule, ndio bati, ndio harusi. Siwezi kumwambia mtu wa Newala aung'oe, na mgeni asithubutu. Msitu hautarudi juu ya mikorosho. Utarudi pembezoni: kwenye miteremko ya ukingo, ambako serikali ilitenga hifadhi tangu zamani, kwenye mashamba yaliyochoka, kwenye maporomoko yanayotafuna ardhi pembeni ya Newala, kwenye mapori ya jando na matambiko ambayo vijiji havijayagusa. Ni vipande vidogo. Lakini misitu ya pwani iliyobaki ni vipande vidogo, na Karomia gigas imesalia kwenye vipande hivyo.

Je, wajua kwamba Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili? Kwa mikoa yenye masika ya Machi hadi Mei ni tarehe nzuri. Kwa Newala na Masasi, Aprili mvua inaaga. Mche uliopandwa siku hiyo unapata wiki chache za maji kisha miezi sita ya jua juu ya mchanga usioshika unyevu. Huku mti hupandwa mvua zikishaloweka ardhi vizuri, mwisho wa Desemba au Januari. Ratiba ya mgeni, na ya mheshimiwa pia, ifuate wingu.

Je, wajua kwamba viza ya utalii haimruhusu mgeni kujitolea Tanzania? Wa kujitolea huhitaji kibali cha ukaazi daraja la C, ambacho pia hupewa wamisionari na wanafunzi, na taasisi inayompokea ndiyo humwombea. Akitaka kufanya utafiti, anahitaji na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mwenye kampuni ya safari anayemwambia mteja wake aingie kama mtalii kisha akashike jembe anamtafutia matatizo.

Je, wajua nani wa kumwona kwanza? Si mwenye kitalu. Ni mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, kisha kamati ya maliasili ya kijiji, na ofisi ya misitu ya wilaya. Mgeni aulize mambo matatu: ardhi hii ni ya nani, hati ya mpango wa matumizi ya ardhi iko wapi, na nani atapalilia nikiondoka. Asiyepewa jibu la swali la tatu asilipe hata senti ya safari.

Na mwezi wa kuja? Januari ni wa kupanda. Juni na Julai ni wa njia za moto. Lakini mradi unaojua kazi yake utakuita Novemba, mche ukiwa umemaliza kiangazi chake cha kwanza, upite na daftari mstari kwa mstari kuandika ulio hai, uliokufa, na uliochipua wenyewe bila kupandwa na mtu. Novemba joto la Masasi ni kali. Korosho ziko minadani na miji imejaa wanunuzi na madereva wa malori, kwa hiyo chumba cha kulala kitafutwe mapema. Ukipanda kwenda Newala beba koti jepesi, maana jioni ukingoni upepo wa bonde la Ruvuma huvuma kwa nguvu.